Kompyuta ya Mama

Dada mpenzi,

Umeniuliza tumnunulie Mama kompyuta ya kampuni gani, kwa kuwa mimi nashinda nikizifungua. Wale wa rangi ya fedha wanajua kuremba, lakini betri wameibandika kwa gundi. Ikifa, utanitoa jasho. Wale wa nyeusi wametengeneza tofali, ila bawaba zake hazilegei na bisibisi moja inaifungua yote. Chukua nyeusi, yenye spika kubwa. Kioo kizuri usihangaike nacho.

Barua hii nimeichana mara mbili. Mama amenikataza kusema, nami nimeshindwa kukaa nalo. Haoni tena, Dada. Ukipiga simu ya video, mimi ndiye ninayemgeuza uso akuelekee.

Lile gauni la kijani alilokusifia, rangi nilimnong'oneza mimi.

Mdogo wako,
Fundi