Usije Kwanza Kujengea Kaburi la Mama

Kwa Mzee Syahuka,
Bwera, Kasese,
Uganda.
Machi 10, 1974

Mpendwa Dada Wivine,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, pamoja na za wifi yako Martine, ambaye amekaa hapa karibu yangu anachambua maharagwe na kunikumbusha nisisahau kukuuliza hili na lile. Hujambo, dada? Shemeji Xavier hajambo? Goti lake lililomsumbua wakati wa masika limepata nafuu? Na watoto je, bado wanavuka kwenda Ujiji kucheza mpira bila ruhusa yako?

Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Martine alishikwa na homa mwezi uliopita, sasa imemwachia. Yule mtoto uliyesikia kwamba tumempata ni msichana. Bado ananyonya, mnene, ana sauti kubwa kama ya marehemu baba. Tumemwita Vasta, na sababu ya kumpa jina hilo utaiona humu ndani.

Barua yako ililetwa na Sosthène, yule mfanyabiashara wa Butembo, ambaye siku hizi upande wa Zaire anatakiwa na serikali kuitwa jina la Kiafrika, lakini akishavuka daraja la mpakani la Mpondwe anarudi kuwa Sosthène. Hii nayo naipitisha kwake. Ataishusha Goma, na kutoka huko itatafuta njia yake mpaka ziwani kwenu, karibu na Ujiji. Posta siitaki, kwa sababu yamo mambo ambayo sipendi yasomwe na mtu ambaye hayamhusu.

Mvua zimeanza vizuri. Sabuni imekuwa adimu kabisa, Martine anafulia majani ya mpapai. Sukari tumeshaisahau. Mimi ninalima kibarua kwenye kahawa ya Mzee Syahuka, na yeye ametupa chumba na kipande cha mteremko cha kupandia muhogo. Ni mzee mwema, hatusimangi.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Umeniandikia kwamba wewe na shemeji mnataka kuja mwezi wa nane kulijengea kaburi la mama, na umeniagiza nitafute saruji ya Hima na fundi wa kutengeneza msalaba. Umeniuliza pia kwa nini nimehama Munkunyu na kuja kukaa kwa watu Bwera, wakati nilikuandikia kwamba tulipata shamba zuri. Barua yako nimeisoma mara nyingi nikashindwa kujibu. Leo Martine ameniambia, "Mwandikie tu. Yeye naye ni mtoto wa mama."

Unakumbuka tulivyotengana mwaka ule wa 1964, vita vilipofika Beni. Nyinyi mlishika njia ya kusini, mimi nikambeba mama tukaja huku. Tulipofika Munkunyu hatukuwa na kitu. Mtu aliyetupokea alikuwa Kezironi, Mkonzo, Mprotestanti, ambaye hakutujua kwa lolote. Lugha yetu na yake ni ndugu, basi mama alipomsalimu alicheka, akasema huyu anaongea kama shangazi yangu. Alitupeleka kwenye ardhi ya baba yake, akatembea kutoka kichuguu kimoja hadi mgunga mmoja, akatuambia tulime hapo.

Mama alilima pale misimu miwili tu, kisha akafariki, kama nilivyokuandikia. Kezironi ndiye aliyechimba kaburi pamoja nami, upande wa juu wa shamba, mahali unapoiona milima yote kukiwa hakuna mawingu. Tulipomaliza kufukia alipangusa jembe akaniambia, "Sasa mama yako iko hapa. Wewe utaenda wapi tena?"

Mwaka wa 1968 ikaja kampuni. Wazungu walifika na bwana shamba anayeitwa Semakula, wakatuita wote kwenye uwanja wa shule. Mzungu alisema Kizungu, Semakula akafasiri. Tuliambiwa kampuni italeta maji kwa mfereji kutoka mtoni, na matrekta, na mashine ya kuchambulia pamba, na zahanati. Bonde lote litakuwa pamba tupu mpaka linakaribia mbuga ya wanyama. Tulipiga makofi, dada. Nani angekataa maji na zahanati?

Ndipo Kezironi akasimama, akauliza, "Na sisi tutakaa wapi?"

Semakula alifasiri. Mzungu akajibu maneno mengi sana, huku akionyesha milima kwa mkono. Tulingoja. Semakula akatugeukia, akasema, "Anasema mtapata kazi."

Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa majibu. Baadaye tulielezwa kwamba ardhi ni ya serikali, na serikali imeikodisha kwa kampuni kwa miaka ambayo sisi hatutaimaliza duniani. Wenyeji kama Kezironi walilipwa migomba na nyumba zao. Ardhi yenyewe haikulipwa, kwa kuwa hawakuwa na hati. Sisi tuliotoka Kongo hatukulipwa hata migomba, tukaambiwa kwamba mkimbizi hana shamba. Kezironi aliwabishia kwamba yeye ndiye aliyetupa. Wakamwambia hawezi kutoa kisicho chake.

Katapila lilipokuja nilikimbia kusimama mbele ya kaburi. Haki ya Mungu, sitawasingizia, dereva alizima mashine akashuka, akatazama mawe niliyoyapanga, akavua kofia. Alilizunguka. Kwa miaka minne kaburi lilikaa katikati ya pamba kama kisiwa, na Jumapili tuliruhusiwa kupita kwenda kupalilia. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba lipo salama. Wakati ule lilikuwa salama. Mimi, Martine, Kezironi na mkewe Vasta tulikuwa vibarua wa kampuni, tukichuma pamba mahali tulipokuwa tukichuma maharagwe yetu. Mfereji ulichimbwa kweli. Zahanati haikujengwa.

Mwishoni mwa mwaka wa 1972, kama mlivyosikia redioni, mali za wageni zilitangazwa kuwa za wananchi. Wahindi walikwisha kuondoka, na wale wazungu wa kampuni nao wakafungasha. Siku waliyopita na magari yao kuelekea barabara ya Fort Portal, Kezironi alikuja kwangu amevaa shati la kanisani. Akasema, "Hilaire, wananchi si ni sisi?"

Tulirudi, dada. Bonde zima lilirudi. Watu walishuka na majembe, wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakatafuta vichuguu vya mipaka wasivione, kwa maana katapila lilisawazisha kila kitu. Waligombana kidogo, wakapatana. Kezironi aling'oa pamba kwa mikono yake akapanda mahindi, akajenga nyumba palepale, na nyumba yangu akanisaidia kuipandisha jirani na ya kwake. Nilipalilia kaburi siku ya kawaida, si Jumapili, bila kumwomba mtu ruhusa. Furaha ya siku zile sijui niiandike vipi.

Mahindi yalikuwa yamefunga, yanakaribia kufaa kuchoma na kula, malori ya jeshi yalipokuja. Alishuka afande mmoja, viatu vinang'aa, mkononi ana karatasi. Jina lake siliandiki. Akasimama katikati ya mahindi ya Kezironi, akauliza, "Hapa nani alipa nyinyi ruhusa ya kulima?"

Kezironi akasogea mbele, kofia mkononi. "Afande, hii shamba ni ya baba yangu. Wageni wamekwenda, sisi tumerudi."

"Baba yako iko wapi?"

"Alikufa, afande."

"Basi haiko yake." Akapiga ile karatasi kwa kidole. "Hii estate serikali imegawa. Imepewa mimi. Kabla jua kuzama nisione mtu."

Kezironi hakuondoka. Alisema taratibu, kama mtu anayemfahamisha mgeni njia, "Afande, hapa kuna makaburi yetu. Pale ni baba yangu. Pale ni mama ya huyu."

Walimpiga mbele ya mkewe, dada, mbele yetu sote, wakamtupa kwenye lori. Nilipopiga hatua, askari alinielekeza bunduki kifuani na Martine akanivuta shati kwa nyuma. Mahindi waliyachoma yakiwa mabichi. Sisi tukapanda mlima na tulivyoweza kubeba, Vasta akiwa pamoja nasi, mpaka hapa kwa Mzee Syahuka, ambaye ni mjomba wake.

Nilifanya nililoweza. Nilikwenda na Vasta kwenye lango la kambi ya jeshi, wakatwambia hayupo. Tukaenda Kasese, wakatwambia turudi kesho, na kesho yake wakatwambia vilevile. Nilikwenda kwa mkuu wa gombolola, yaani wa kata yetu, mtu tuliyezoea kusalimiana. Alifunga mlango kwanza, kisha akanong'ona, "Hilaire, wewe ni Mukongo. Ukitaja jina la yule mtu tena, hata kibali chako cha kukaa sitaweza kukitetea. Nakuomba." Padre alituombea. Alikuwa na maombi tu ya kutupa, na sisi hatukuwa na mwingine wa kumwendea.

Katika kungoja kule ndiko mtoto wetu alikozaliwa. Uchungu ulimshika Martine ghafla, na Vasta, ambaye usiku kucha alikuwa halali na mchana hali, ndiye aliyempokea mtoto. Alimkata kitovu, akamwosha, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe alitabasamu. Basi tukampa jina lake.

Karibu na Noeli, Kezironi alirudi. Alipanda mlima kwa miguu mchana kweupe, na Vasta alipomwona alikaa chini. Amekonda, na mkono wake wa kulia haukunji vidole. Hatukumuuliza yaliyompata naye hakusema. Alikaa hapa siku chache akiota jua nyuma ya nyumba. Kisha akatwambia kwamba wamemwachia kwa sharti. Afande hataki kulima, anafuga ng'ombe, amezungusha seng'enge bonde lote, na anahitaji mlinzi anayewajua watu wa pale kwa sura na majina. Walimpa koti na rungu. Vasta alifunga vitu vyake akamfuata, sasa wanakaa kwenye kibanda langoni.

Juzi mwezi wa pili alikuja kututembelea. Martine alifurahi, akataka kupika. Kezironi hakukaa. Alisimama mlangoni na lile koti, akiangalia miguu yake, akaniambia, "Hilaire, niliona mama ya mtoto akikata kuni kule kwenye seng'enge."

Nikamwambia ni kweli, kuni zimekuwa shida.

"Asikuje tena. Na wewe usipite njia ile. Nikiacha nyinyi mupite, kuna mutu ataenda kusema, na mimi watanirudisha kule." Akaongeza, "Siwezi kurudi kule, ndugu yangu."

Nilimwambia nimemwelewa. Martine alimpa mtoto amshike, akamshika kwa mkono ule mzima, akamtazama muda mrefu.

Sasa unaona, dada, kwa nini nakuandikia usije. Saruji ya Hima hata ingepatikana, tungeipitisha wapi? Ukifika langoni, mtu utakayemwomba njia ni Kezironi. Akikuruhusu, watamchukua. Kwa hiyo hatakuruhusu. Itambidi akunyanyulie rungu wewe, na uso wako ni ule ule wa mama, kila mtu alisema hivyo tangu utoto. Nimefikiri kumfanyia mtu yule jambo kama hilo nikashindwa. Yeye ndiye aliyetupa pa kulia na pa kuzikia. Hana kosa, na mimi sina nguvu, na sijui ni nani tunayepaswa kumkasirikia ambaye anaweza kutusikia.

Nakuomba badala yake umwendee padre wa huko, asome misa kwa jina la mama, na siku hiyo mpike chakula mwite majirani. Mniandikie tarehe ili nasi huku tupige magoti saa hiyohiyo. Kama mnataka kuja kutuona sisi tu, njooni, tutabanana chumba kimoja na itakuwa furaha. Lakini tutakaa hapa juu.

Wape salamu Shemeji Xavier na watoto wote, hasa Laurentine, ambaye nasikia amekuwa mrefu kumpita mama yake. Mnisalimie pia yule mzee jirani yenu wa Butembo anayewasaidia kusoma barua zangu, na umwombe hii aisome mlango ukiwa umefungwa. Mzee Syahuka anawasalimu ingawa hajawaona. Mungu awape mvua ya kutosha, samaki wa kutosha, na usingizi usio na kishindo cha gari nje.

Jambo la mwisho, dada, kwa kuwa najua utaniuliza. Kezironi alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka kwenye njia panda. Nikamuuliza kama kaburi la mama lipo. Alikuwa amenipa mgongo. Akasema, "Lipo." Akaendelea kushuka. Sikumwita arudi, wala sikumuuliza mara ya pili, kwa sababu jibu hili moja ndilo nililonalo la kukuandikia.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye siku zote,

Hilaire