Baba, Magongo Yako Bado Yako Ukutani

Ko, ko. Halafu kandambili moja ikiburuzika kwenye saruji. Ko, ko tena. Tulikusikia kabla hatujakuona, Baba, na Mama alianza kumimina chai kwa mlio huo.

Leo umetimia mwaka mzima tangu mlio huo ukome katika uchochoro wetu hapa Manzese. Mwishehe Anwar Kibwana, fundi cherehani, mume na baba, tunazungumza nawe mbele ya watu waliokupenda.

Walipokukata mguu wa kulia, ulikaa ndani miezi minne. Kisha ukarudi kwenye cherehani ile ile, ukaikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Suruali zako ulizikata mwenyewe upande wa kulia, na kitambaa kilichobaki ukakifanya mifuko ya sare za shule. Wapo watoto mtaani hapa wanaotia kalamu ndani ya suruali yako hadi leo.

Ulikuwa na akili ya kila kitu. Mikono ikiwa na magongo haibebi kikombe, basi ulining'iniza chupa ya chai shingoni. Makwapa yalipochubuka, ulivisha magongo sponji na vipande vya khanga. Msikitini ulisali kwenye kiti, na kiti ulikibeba mwenyewe mgongoni. Ole wake aliyetaka kukupokea.

Sisi tuliishi kwa hofu, nawe ulijua. Mvua ikinyesha, Mama alitandika magunia kutoka mlangoni hadi chooni, kwa sababu saruji ikilowa magongo huteleza. Ukivuka Morogoro Road, dada yangu Hamisa alisimama ng'ambo akifumba macho. Na asubuhi zile ulizosahau, ukainuka kitandani na kuukanyagia mguu usiokuwepo! Kile kishindo sijawahi kukizoea. Tulikuja mbio, tukakukuta sakafuni unacheka.

Mimi nilikuwa na hasira kwa niaba yako. Kijana mmoja stendi alikuita "mzee nusu". Nikamvaa. Ukanivuta shati: "Mwache, Suhaib. Hesabu yake ni sahihi."

Shule ya ushairi sikusoma; mwalimu wangu ulikuwa wewe. Nilighani, nawe ukahesabu mizani kwa kugonga sakafu. Mizani ikipungua moja, gongo lilikuja kwenye kisigino changu. Lilikuwa linauma, Baba. Wakati ule lilikuwa linauma.

Benjamin wa kuchomelea vyuma, Mnyamwezi, mtani wako, hakukuacha upumue. "Mzee Mwishehe, umenitangulia tena, na mimi nina miguu miwili!" Nawe: "Na hiyo miwili umefika wapi? Mimi nina mitatu." Siku ya mazishi alishika magongo yako akaziba mlango, jeneza lisitoke. "Huyu Mzaramo haendi popote mpaka anikabidhi suruali yangu!" Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilitaka kumpiga.

Na sasa niseme lile ambalo nyumba nzima ilikuwa inalizunguka.

Mguu wako ulianza kupotea kwa sindano. Hamisa aliiona imezama unyayoni mwako, nawe unaendelea kushona, huna habari. Alipotaka kupiga kelele ulimwambia, "Usimwambie mama yako. Haiumi." Kwa kuwa haikuuma, ukahesabu kwamba umepona. Ulikuja kwenda hospitali wakati kidonda kimeshanuka, ukaambiwa sukari ilikuwa imekula hisia za miguu siku nyingi. Miaka sita baadaye mguu wa kushoto nao ukapata kidonda. Uliondoka kabla hawajaukata.

Baba, cherehani yako naikanyaga mimi. Wiki tatu zilizopita Hamisa alikuwa anafagia, akaona damu kwenye pedeli. Pini ilikuwa ndani ya kidole gumba cha mguu wangu, imezama hadi kichwa chake. Sikuwa najua.

Nilimwambia, "Usimwambie Mama. Haiumi."

Alinitazama kama aliyeona mtu amefufuka. Na mimi nikayasikia maneno yangu, kwamba ni yako. Usiku nilikunywa maji, nikahesabu ni mara ngapi nimeamka kwenda kukojoa, nikajiambia ni joto. Nikaandika, kwa sababu kusema nilishindwa:

Magongo nayasikia, yagonga humu chumbani,
Nainuka, natulia, yamebaki ukutani,
Naogopa hiyo njia, isiwe yangu mwakani,
Baba, moyo nalilia, niyaseme hadharani.

Karatasi nikaificha chini ya cherehani.

Leo asubuhi tulikuwa uani tunapepeta mchele wa hitma yako. Benjamin aliingia na sufuria mbili za kuazima, akanitazama ninavyotembea kwa kisigino. Akaingia ndani, akatoka na magongo yako.

"Kumbe!" akasema. "Mwaka mzima magongo haya yanatafuta mwenyewe, na yupo humu humu ndani. Suhaib, fundi mwenzangu, simama wima nikupime urefu."

Majirani walicheka. Mimi damu ilipanda. "Benja, toka nje!"

"Nitatoka. Lakini mimi nikitoka, nani atakuambia? Hawa wanakuogopa. Mimi ni mtani, sina adabu."

Ungo wa Mama ulikuwa umesimama. "Suhaib," akasema. "Vua kandambili."

"Mama, ni kidonda kidogo tu, hai..."

"Malizia."

Nilivua. Kidole kilikuwa cheusi ukingoni, na Mama alikibonyeza kwa ukucha huku ananitazama usoni, akingoja nishtuke. Sikushtuka. Hamisa aliangua kilio. Benjamin aliyarudisha magongo ukutani taratibu, na hakucheka tena.

Nimepigana na watu kwa ajili yako, lakini mtu mmoja mwenye kifaa cha kupimia sukari, ambaye bado sijakutana naye, ananiogopesha kuliko wote. Naogopa hata sasa ninapoandika, kabla wageni hawajafika. Nisingeweza kuandika jinsi ulivyokuwa jasiri halafu nikaificha hofu hii chini ya cherehani.

Wanaokukumbuka leo ni mkeo Munira. Binti yako Hamisa na mumewe Hija. Mjukuu wako Najat, anayekimbilia mlangoni kila akisikia kitu kinagonga. Mtani wako Benjamin, ambaye bado anadai suruali. Wateja wako wote wa Manzese, na mimi mwanao Suhaib. Mungu akulaze pema, Baba. Hakuna siku utakayotutoka moyoni.

Na hili nililisema uani mbele ya watu wote, nikiwa nimemshika Mama mkono uliojaa pumba za mchele, nalo naliandika hapa ili nisipate pa kukimbilia: "Mama, kesho alfajiri twende wote hospitali. Watakachokisema nitakisikiliza, na kuanzia leo sitasema tena kwamba haiumi."