Kaa Kwanza, Mdogo Wangu

Kisugu, Kampala
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Junaid,

Assalaam alaykum. Afya yako vipi, na ule mgongo unaokusumbua ukiendesha lori siku nzima? Joto la Sharjah limepungua? Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto sasa linapanda kilima cha Kisugu kwa masharti.

Simu zangu hupokei tangu mwezi wa Rajabu, tulipomzika Mama, na sikulaumu. Ndiyo maana nimemwomba Okwera, jirani yetu anayerudi kazini kwake huko, akutie karatasi hii mkononi. Tafadhali usiichane. Isome mpaka mwisho, kisha uamue kama mimi bado ni dada yako.

Nina kibarua ambacho ungekicheka. Daktari Aciro, yule wa nyumba ya juu, hunichukua chuoni kwao mara moja kwa wiki niwe mgonjwa wa kuigiza. Anafundisha wanafunzi wa udaktari namna ya kuzungumza na watu. Nimeshaugua kisukari, nimeshavunjika nyonga, na juzijuzi nilikuwa mjamzito, mimi mwenye miaka sitini na miwili. Wakimaliza nawaambia kama walinifanya nijione mtu au faili.

Wiki iliyopita nilipangiwa kuwa binti aliyefiwa na mama yake wodini. Nilitaka kukataa, nikaona haya.

Akaingia kijana anayeitwa Olal, mzaliwa wa kambi ya jeshi ya Makindye, akachagua kusema nami kwa Kiswahili chao cha kambini. Alisimama wima mbele yangu, mikono imebana mapaja. "Mama, mgonjwa yako alikufa saa nne na dakika ishirini. Pole. Maiti iko mochari." Kisha akageuka atoke.

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, Junaid. Niliyasikia maneno yangu mwenyewe, yale niliyokuandikia kwenye simu: Mama hatunaye, tunazika baada ya swala ya Ijumaa. Basi, sikuongeza neno. Ukapiga, ukapiga tena, nami nikaiweka simu chini ya mto mpaka ikaisha chaji.

Daktari Aciro hakumgombeza. Alimrudisha aanze upya. Kaa kwanza, alimwambia. Muulize yuko na nani. Muulize anajua nini kuhusu ugonjwa. Mwandae, kisha litamke neno lenyewe bila kulizungusha, halafu unyamaze. Hapo pa kunyamaza ndipo palipomshinda. Kila kimya kikiingia, Olal anarukia habari za mochari na karatasi za kutia sahihi.

Mara ya nne alikaa, akasema yote vizuri, akanyamaza. Halafu akaanza kulia yeye. Alitueleza kwamba alikuwa na miaka minane askari alipokuja mlangoni kwao, akampigia mama yake saluti, akasoma jina la baba yake kwenye karatasi, akaondoka. Mama yake alikuwa ameshika mwiko. Olal alikua akiamini kwamba hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyopeleka habari ya kifo, amesimama imara na hapotezi wakati wa mfiwa.

Yeye alifundishwa vibaya akiwa mtoto. Mimi sina kisingizio hicho. Nilikuogopa tu.

Kwa wiki tatu nilikuambia Mama ana mafua. Mficha maradhi kilio humuumbua, na aliyeumbuka ni mimi. Sikupokea simu kwa sababu nilijua utaniuliza kama alikutaja, na sikuwa na ubavu wa kukujibu. Nimekukosea, mdogo wangu, na naumia.

Sasa acha nifanye ilivyopasa. Uko na nani hapo? Kama uko peke yako, mwambie Okwera asiondoke. Kaa kwanza.

Ulijua ni mafua kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia. Ulikuwa ugonjwa wa moyo. Moyo wa Mama ulichoka, maji yakajaa mapafuni, akawa hawezi kulala chali. Ninalotaka kukuambia ni zito.

Mama amekufa, Junaid. Alikufa Ijumaa asubuhi, baada ya kuswali akiwa amekaa, kichwa chake begani kwangu. Alikutaja. Alidhani uko chumba cha pili. Aliniuliza, "Junaid amekula?" Nikamwambia umekula, umeshiba. Akasema alhamdulillahi, na hakusema tena.

Hapa nanyamaza.

Shangazi Salme anakusalimu sana, na Firdaus binti yangu anauliza mjomba atarudi lini. Tasbihi ya Mama ninayo, nimekuwekea wewe. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, ampe Mama kauli thabiti, na asituchukue mimi nawe tukiwa hatusemezani.

Simu sasa haikai tena chini ya mto. Ukipiga, hata kama ni kunigombeza tu, nitapokea, na nitakusikiliza mpaka umalize.

Dada yako akupendaye,
Zuleika