Muzungu Aliyerudi Bambu

Mujukuu wangu Dorcas,

Nakusalimia toka Nyakasanza. Koko yako mwanamuke, muke wangu, na dada zako wamevuka Uganda, wako wazima. Miye nimebaki na nyumba. Mengine ya vita sitaandika.

Unasema wazee wa huko Kanada wanahamia inchi ya Mexique kwa sababu kule pension, feza ya uzee, hata kidogo inatosha, na vita ikiisha nikuje tuishi kule.

Nilipokuwa kijana, nilikuwa fundi mbao kwenye machimbo ya dhahabu, Bambu. Patron wetu, mukubwa wa kazi, muzungu muzee, alipata pension, akaenda kuishi kando ya bahari, mahali bei iko chini. Mwaka haukuisha akarudi.

Nikamuuliza, "Patron, pesa haikutosha?"

"Ilitosha, hata ilibaki. Lakini asubuhi hakuna mutu wa kuniuliza, umeamuka je?"

Nilicheka sana siku ile.

Leo asubuhi nimefungua mulango. Nyumba ya kushoto imefungwa, ya kulia imefungwa. Nikasema kwa sauti, "Mumeamuka je?" Nikasimama pale, ninangojea.

Basi usininunulie tiketi, mujukuu. Mexique imeshanikuta hapa hapa.

Weye uandike tu, uniulize nimeamuka je.

Koko yako