Funda la Bibi Deolinda

Shoga, nimetoka jubilei kanisani sasa hivi, bado nachemka. Wameonyesha ukutani picha ya bibi yangu Deolinda ya mwaka 1972, kashika kikombe cha maji mdomoni, ati "shukrani kwa wamisionari wetu."

Shukrani. Shukrani ya nini?

Bibi alikuwa kakimbia vita, kavuka Ruvuma na watoto wanne, analima mpunga huku pwani. Kisima alichimba mwenyewe kwa jembe, kina cha kiuno tu. Wamisionari walipokuja kutoka ng'ambo na mtambo wao, akawaambia, "Msishuke sana. Maji matamu yanakaa juu, chini yake ni bahari."

Wakacheka. Mkubwa wao akamjibu, "Mama, wewe omba, kuchimba tuachie sisi."

Tuachie sisi.

Wakafukia kisima chake kwa mawe, ati kina vijidudu. Wakachimba siku tisa. Siku ya kufungua kwaya ikaimba, pampu ikasukumwa, bibi akapewa kikombe cha kwanza mbele ya kamera.

Chumvi tupu, shoga. Mkubwa wao naye akaonja, akasema, "Mtazoea."

Kesho yake wakaondoka na picha yao. Bibi akachukua jembe, akaanza upya.

Leo watu wameipigia makofi picha hiyo mpaka wakasimama. Bibi, kakaa kando yangu na miaka yake themanini na kitu, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika hadi madhabahuni:

"Nitazame mashavu. Hapo sijameza, natafuta pa kutemea."