Ukuta wa watoto nyumbani kwa Sifa

Kibabi, Jumanne, mwezi wa kumi na mbili, 1954

Mvua haikatiki, mulima wa ngambo hauonekani. Bahati amelala kwenye kitanda changu na machozi yake hayajakauka vizuri. Mimi niko jikoni karibu na moto, na kaye yangu ya shule juu ya magoti, ile ninayoandikia mambo yangu. Nitasema ukweli, kwa sababu hapa hakuna mwenye kunisikia.

Niko na wivu. Ninaandika mara ya pili ili nisijidanganye: niko na wivu.

Ninamuonea wivu Sifa, muke wa mudogo wa bwana yangu. Alitoka Walikale kuolewa hapa kwetu Masisi, sasa inapita miaka mitatu, na Mungu hajamupa mutoto. Lakini mvua ikianza tu, watoto wote wa hapa mulimani wanakimbilia kwake kama kuku walioona mahindi. Bahati wangu, miaka minne tu, njo wa kwanza kufika.

Anawafanyia nini? Aka, vitu vya bure! Anatandika mukeka. Anakoroga udongo mwekundu kwenye kibuyu kilichopasuka, na ule mweupe kwenye kingine. Makaa ya jikoni anayavunja vipande vya kuenea mukono wa mutoto. Anakata shina la mugomba, wanalichovya kwenye udongo na kuligonga ukutani, na alama yake inatoka na matundu madogo madogo. Wale ambao hata kutembea hawajajua vizuri, anawashika mukono, anauchovya, anaugonga pa! ukutani, na wanacheka mpaka wanakojoa. Hakuna anayewaambia hapana.

Mimi nilisoma kwa masere, wale watawa wa misioni. Mimi njo ninajua kuchora nyumba yenye madirisha mawili sawasawa. Juma lililopita nilimuzuia Bahati nyumbani, nikang'oa karatasi ya kaye hii, nikamupa kereyo yangu ya kuandikia, nikashika mukono wake ndani ya wangu. Siyo hivyo, hivi. Nyoosha. Tulifika kwenye dirisha la kwanza. Akatupa kereyo chini, akalia kwamba anataka kwenda kwa mama mudogo.

Na siku zingine hasemi hata hilo "mudogo". Nilimusikia kwa masikio yangu akimuita Sifa "mama" tupu. Mimi nilibeba mimba, mimi nilinyonyesha, na mwenye kupewa jina iko mwingine!

Basi leo. Noeli inakaribia, na kwetu kabla ya sikukuu wanawake tunasaidiana kupaka nyumba, ndani na inje, na udongo uliochanganywa na mavi ya ngombe. Nilienda kwa Sifa mapema, kabla ya mvua, nikamuambia nimekuja kumusaidia. Alifurahi sana. Akachukua mutungi kwenda mutoni, na mulangoni akageuka: "Dada, ule ukuta wa watoto uuache tu."

Nikamujibu ndiyo.

Nilibaki peke yangu mbele ya ukuta ule. Mikono midogo mingi, myekundu na myeupe, na katikati muntu mukubwa wa makaa, kichwa na miguu tu, na kitu cha pembe nne ubavuni. Nilijua ni kazi ya Bahati, kwa sababu yeye bado anasahau kuwatia watu tumbo. Na nilijua kabisa ni nani: Sifa na kitunga chake, maana hakuna siku Sifa hasuki kitunga. Mukubwa kuliko wote! Moyo ukaniwaka. Nilichota udongo na mikono miwili, nikaanza na yule muntu mukubwa. Nilipaka vizuri sana, hata kidole kimoja hakikubaki.

Sifa aliporudi nikasema: "Pole, mudogo wangu, nimesahau." Akaangalia ukuta, halafu akaniangalia mimi. Akatua mutungi chini.

Mvua ikaanguka, watoto wakaingia mbio. Bahati alisimama mbele ya ukuta mubichi, mudomo wazi. Halafu akamushika Sifa nguo, akilia: "Mama mudogo, mama yangu iko wapi? Nilimutia hapa, na kaye yake!"

Na kaye yake.

Muchimba kisima anaingia mwenyewe, wakubwa walisema, na mimi niliingia muzima muzima. Sifa alimupangusa Bahati uso. "Ukuta utakauka," akamuambia. "Utamutia tena." Hakunilaumu. Na hata kwa hilo nilimuonea wivu, kwa sababu ningekuwa yeye ningepiga kelele mpaka wanisikie kule mbali Lushebere.

Kwa hiyo njo hivi mutoto wangu ananiona: kichwa, miguu na kaye. Kweli, akinijia na mikono michafu ninamuambia ngoja, mama anaandika. Hata sasa ninaandika.

Na Sifa hana mutoto wa kugonga mukono kwenye ukuta wake, basi anaazima wa kwetu siku za mvua, kisha jioni anaturudishia. Mimi mwenye mutoto wangu nikaenda kumufutia hata alama. Yezu wangu, ni roho gani hiyo?

Ukuta mubichi unataka siku mbili, na kwa mvua hii labda tatu. Ukikauka nitaenda, nitamuambia Sifa kwamba sikusahau. Itaniuma, lakini nitasema. Halafu nitakaa chini kwenye mukeka pamoja na watoto, mikono ndani ya udongo mwekundu, na madirisha sitayataja. Kaye nitaiacha nyumbani.

Bahati atanijua bila hiyo?