Jani la Isale Chini ya Kikombe

Baba, shikamoo.

Ndizi za mchana nimezifunika jikoni. Ng'ombe bado hajanywa maji.

~~Kura nitajiandikisha nikirudi chuoni Dodoma, kama ulivyotaka.~~

Naenda kujiandikisha kupiga kura hapa hapa kijijini, kabla likizo haijaisha.

Asubuhi ulisema binti ni wa kuolewa, kwa hiyo diwani wa hapa hamhusu. Nikakujibu kwa sauti ambayo hukunilea nayo. Kwa ajili ya sauti hiyo nakuomba msamaha, ndiyo maana nimeweka jani la isale chini ya kikombe chako. Kwa ajili ya maneno yenyewe siombi, Baba. Kaburi la Mama ninalipalilia mimi, nalo liko hapa.

Nikirudi, natumaini nitakuta umelipokea jani.

Binti yako wa mwisho,
Eunike